Umepima Sukari?

Mimi si mutu wa kuamini batu haraka. Mama alinizaa hivyo, na ugonjwa wa sukari ukaongeza chumvi. Niko nao tangu nikiwa musichana, ule wa kujichoma insulini kila siku, hata Noeli. Daktari aliniambia mazoezi ni mazuri, mais niwe mwangalifu, sababu mwili ukifanya kazi unakula sukari ya damu upesi. Donc nipime mbele ya kukimbia, nile kitu, nibebe cha tamu. "Na sukari ikishuka," akasema, "kichwa nacho kinaharibika. Unaweza kugombana na mutu bure." Bure, mimi? Nikigombana niko na sababu.

Tunakaa Bulengera. Kila samedi asubuhi nilikuwa nakimbia kuelekea Rughenda, kwenye uwanja wa ndege, na bwana yangu ananifuata nyuma, nusu kukimbia nusu kutembea, na chupa ya jusi mukononi.

Samedi moja nilitoka na chai tupu tumboni, kichwa ngumu. Kwenye mupando wa kilima nikaanza kusikia nyayo zake. Mbona huyu anakaa nyuma yangu? Mbona haongei? Mbona alimusalimia yule mama anayeuza mandazi pale njiani, meno yote inje? Nikageuka. Akaninyoshea chupa.

"Mama, kunywa. Unatetemeka."

Kifuniko kilikuwa kimeshafunguliwa. Kwetu, chupa iliyofunguliwa mbali na macho yako huinywi hivi hivi. Anayekupa anaonja kwanza, ujue hakuna karuho, ile sumu ya polepole.

"Onja kwanza," nikamuambia.

Akaonja.

"Onja tena."

Akaonja tena. Mama we! Nikapiga kelele kwamba ameshameza dawa ya kuzuia sumu, njo maana haogopi. Batu bakajaa. Mama wa mandazi akanishika mikono, bwana yangu akaniwekea chupa mudomoni, akanibembeleza kama mutoto anayekataa dawa ya kinini, mpaka nikameza. Kidogo kidogo dunia ikarudi mahali pake. Tulipopima na aparei, ile mashine ndogo aliyobeba mufukoni, sukari ilikuwa bado iko chini. Nilikaa pembeni ya njia, haya imenijaa mpaka masikioni. Yeye alicheka mpaka machozi.

Toka siku ile ikawa sheria ya nyumba. Nikianza kushuku mutu, bwana yangu anauliza: "Umepima?" Na siwezi kudanganya, ilinisaidia sana. Mara nyingi nilipima nikakuta imeshuka kweli, nikanywa cha tamu, na yule mutu niliyemuchukia akawa mwema tena. Sukari ikishuka, kwangu mashaka inatangulia jasho.

Mais sheria ya nyumba kila mutu anaipendea faida yake. Fundi wa kushona akinipunguzia kitambaa, nikilalamika nyumbani: umepima? Nikiuliza nani amelamba maziwa ya unga, batoto bananiangalia kwa huruma, midomo bado myeupe: "Mama, umepima?" Ikafika mahali nikawa sijiamini mwenyewe. Jambo nimeliona na macho yangu, halafu naenda kuuliza damu yangu kama nimeliona. Hiyo iliniuma kuliko sindano.

Bwana yangu anafanya biashara ya mafuta ya mawese, Beni haimutoki mudomoni. Alikuwa anasema akifika kule analala mutaa wa Beu, kwa dada yake mukubwa. Usiku simu yake imezimika, eti haina moto. Nikiuliza: umepima? Basi, naenda kupima.

Samedi ingine nilirudi kukimbia nikamukuta yule dada yake sebuleni. Alikuwa amepanda kutoka Beni kwa ajili ya matanga, akapita kutusalimia. Nikamushukuru vile anamulazaka ndugu yake.

"Kumulaza mimi, shemeji?" akashangaa. "Toka nihame nyumba, huyu hajui hata mulango wangu uko wapi."

Akamaliza chai yake, akaenda kwenye matanga. Bwana yangu alipoingia, nilikuwa bado na viatu vya kukimbilia, nguo imeloa jasho.

"Papa, kule Beni unalalaka wapi?"

Hakushtuka hata. Akatabasamu, ile ya huruma. "Mama, umetoka kukimbia sasa hivi. Umepima?"

Nitasema kweli: niliogopa. Niliogopa kwamba ana haki, kwamba hata maneno ya dada yake nimeyasikia na kichwa kibovu. Nikachukua aparei, nikajichoma kidole mbele yake, tukainama wote wawili kungojea. Namba ikatoka. Sukari ilikuwa sawa kabisa, kama ya mutu asiyejua sindano. Nikamugeuzia aisome mwenyewe.

"Iko bien," nikasema. "Sasa jibu."

Akaisoma ile namba. Tabasamu ilikuwa imekwisha.

"Pima tena," akasema.