Nusu Saa ya Injinia

Mji mzima ulimwita Injinia. Walimwita hivyo wauza mbao, walimu wa shule, hata mtoto wa jirani ambaye meno yalikuwa ndiyo kwanza yanaota. Kadi za harusi zilimfikia zimeandikwa "Injinia na Mkewe". Mtu mmoja tu hakuwahi kumwita hivyo, naye ndiye aliyelala naye kitanda kimoja. Mkewe alimwita Baba Pacha, asubuhi na jioni, wageni wawepo wasiwepo. Injinia alidhani ni mazoea tu.

Tusimwonee, kazi aliijua. Pampu ya maji iliyowashinda wengine ilinguruma karakanani kwake kabla chai haijapoa. Ila stashahada hakuwa nayo. Alisoma chuo cha ufundi miaka mitatu, akafaulu mitihani yote, akabakiza wiki sita za kujitolea kwa jamii. Walimpeleka zahanati kutengeneza mabomba. Siku ya pili akasikia kuna kampuni inachukua mafundi wa kujenga daraja, na gari linaondoka saa nne. Akaondoka nalo. Aliporudi alikuwa na mchumba, na watu walikuwa wameshaanza kumwita Injinia. Nani tena angerudi kuzibua sinki?

Ikapita miaka thelathini na moja. Zahanati ile aliikwepa kabisa. Akishikwa na homa alivuka mitaa mitatu akatibiwe kwingine, akidai dawa za kule zina nguvu zaidi.

Kilichomponza ni kiherehere. Mikutano ya wahitimu wa zamani hakukosa hata mmoja, na kipaza sauti akikishika, kumnyang'anya ni kazi. Katika mkutano mmoja chuo kikatangaza mpango mpya: kila mwanafunzi anayekwenda kujitolea apewe mhitimu wa kumlea kikazi.

"Vijana wa siku hizi bila kushikwa mkono hawaendi!" Injinia akanguruma. "Mimi niandikeni wa kwanza!"

Wakamwandika wa kwanza. Barua ilipokuja aliisoma mara tatu, amesimama. Mwanafunzi mmoja, wiki sita, mabomba ya zahanati. Zahanati yenyewe ni ile ile.

Mwanafunzi alikuwa msichana mwembamba, mpole, mwenye ugonjwa wa kuandika kila kitu. Injinia akikohoa, anaandika. Siku ya kwanza alimletea fomu.

"Mzee, hapa wanataka mwaka wako wa kuhitimu na namba ya cheti."

"Paache wazi kwanza, binti. Cheti kiko sandukuni, sanduku liko juu ya kabati, na kabati lenyewe... tutaona."

Msichana akaandika: "Kabati."

Muuguzi mkuu, mama aliyebakiza miezi michache astaafu, alimtazama Injinia kwa juu ya miwani. Injinia akaivuta kofia mpaka kwenye nyusi.

"Wewe baba, tumewahi kuonana?"

"Sura yangu hii ni ya watu wengi, Sista."

"Ehee," akasema Sista. "Basi saini hapo kwenye daftari la mahudhurio. Hapa kwangu kila anayeingia kazini anasaini, mlezi au mlelewa."

Injinia alikuwa amepanga kukaa kwenye kiti na kuelekeza kwa kidole. Siku ya tatu akajikuta kichwa kiko chini ya sinki la chumba cha kujifungulia, makalio nje, akipambana na koki. Ghafla akaitambua. Ndiyo ile ile aliyoilegeza siku ile kabla hajatoroka. Ilikuwa imefungwa vitambaa tabaka kwa tabaka, na chini yake pana ndoo.

"Hii ndoo iko hapa tangu lini?" akamuuliza mfagiaji.

"Mimi niliikuta. Na aliyeniachia kazi naye aliikuta."

Injinia aliona aibu, tena ile ya kukosa pa kuweka uso. Tangu siku hiyo akawa anafika saa moja kamili, anasaini, anafanya kazi mpaka mwanafunzi anamwonea huruma. Alimfundisha msichana kuijua pampu mbovu kwa kuisikiliza tu. Msichana naye alimfundisha kuchora mabomba yote ya jengo kwenye simu, jambo ambalo Injinia alilisimulia nyumbani jioni tatu mfululizo.

Wiki ya sita ikafika. Mratibu wa chuo angekuja Ijumaa.

"Mzee, pale kwenye fomu bado pako wazi," msichana alisema Alhamisi. "Pasipojazwa, wiki zangu hazihesabiwi. Narudia mwakani. Na nyumbani mama ameshaanza kuwaambia watu namaliza."

Kubuni namba ilikuwa kazi ya dakika moja, lakini ikigundulika binti angefukuzwa chuo. Kusema kweli nako, mji mzima ungemcheka mpaka azikwe. Usiku huo hakulala.

Ijumaa, ofisini kwa Sista, aliivua kofia.

"Mratibu, mimi si mhitimu. Nilibakiza wiki sita za kujitolea, nikakimbia. Huyu binti hana kosa."

Kwa mara ya kwanza msichana hakuandika kitu. Mratibu akajikuna kidevu. "Basi hakuwa na mlezi. Itabidi arudie."

"Subiri kwanza, mwanangu," Sista akasema. Akafungua kabati la chuma, akatoa daftari kuukuu ambalo jalada lake limeliwa na mende. "Mimi nilikuwa ndiyo nimeajiriwa. Kijana mmoja wa chuoni kwenu, siku yake ya pili, aliniomba ruhusa ya nusu saa."

Akaweka kidole kwenye mstari. Jina la Injinia lilikuwapo, na kando yake maelezo: "Amekwenda kuchukua spana. Nusu saa."

"Hakuna aliyeniambia ameacha, kwa hiyo sikumfuta. Wewe baba, nilikujua siku ya kwanza, na kofia yako. Unadhani nilikusainisha kila siku kwa nini?"

Mratibu alilinganisha daftari la zamani na jipya, akahesabu siku kwa vidole. "Kanuni inasema wiki sita," alisema polepole. "Haisemi lini. Baraza linakaa Jumatatu. Likipitisha, mzee, utakuwa mhitimu halali, na fomu ya kwanza kusaini itakuwa ya huyu binti."

Sista akachukua peni, akaandika mbele ya ule mstari: "Amerudi." Kisha akanyoosha mkono. "Spana iko wapi?"

Injinia akaitoa mfukoni.

Baraza lilicheka mpaka mwenyekiti akafuta machozi, kisha likapitisha. Kwenye fomu ya msichana, penye mwaka wa kuhitimu, Injinia akaandika mwaka ule ule waliokuwa nao. Msichana alipiga kigelegele, halafu akakumbuka kukiandika.

Nyumbani Injinia aliweka cheti mezani.

"Mke wangu, kuna jambo nimekuficha miaka yote hii."

Mkewe alifuta mikono kwa kanga, akakisoma neno kwa neno.

"Hukunificha. Nilikuwa nauza chai pale darajani, umesahau? Siku ya kwanza tu ulitusimulia ulivyomtoroka muuguzi, unacheka."

"Sasa mbona hukuwahi kusema?"

"Ningesema nini? Nilikuwa nangoja."

Akaitoa kalenda ukutani, akakitundika cheti kwenye msumari wake, akarudi nyuma hatua mbili kuona kama kimenyooka. Kisha akaenda jikoni.

"Injinia," akaita kutoka huko, "njoo ule, chakula kinapoa."

Injinia akaitika mara mbili.