Kioo Nilichokiosha

Kosa langu kubwa lilikuwa kuosha picha.

Nalisema wazi kwa sababu nimechoka kulizunguka. Parokia moja ya mji wa Baraka, kando ya ziwa, ilinipa sanduku la mbao lenye vioo vya picha vilivyoachwa na mapadri wa zamani, nivipige picha upya kwa simu ili visipotee. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa video, na mega za intaneti zikiisha nabahatisha. Kwenye vioo hivyo kila kitu kimegeuka: ngozi nyeusi inaonekana nyeupe, na mchanga wa ziwa ni mweusi kama makaa.

Mama mmoja mzee alikuja kwa pikipiki kutoka kijiji cha Lubondja, amesikia habari ya sanduku. Nyumba yao ilichomwa vitani, hakubaki na sura ya mama yake popote. Nilimwonyesha kioo kimoja kimoja dirishani.

"Aba bote ni bazungu?" akacheka. "Batu ba kwetu beko wapi?"

Nikaweka simu mbele ya kioo, nikageuza rangi. Kwenye skrini, msichana alisimama kando ya sanamu ya mbao, kope yake ya kushoto imelegea. Ya huyu mama ililegea vilevile.

"Ni yeye," alisema. "Ni mama."

Ningebonyeza mara moja tu, angekuwa na picha. Sikubonyeza. Shavuni kulikuwa na doa la kuvu, nami siwezi kutoa kazi yenye doa. Hata barua ya mistari mitatu naiandika mara nne. Nikamwambia, "Mama, rudia kesho, nitakupatia yenye iko safi."

Alipoondoka nilichukua beseni, maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga. Nilidhani kioo ni kioo, kama cha dirisha. Nikasugua kwa kidole. Shavu likajikunja. Kisha sura yote ikabanduka kama utando wa maziwa, ikaelea, ikakatika nilipojaribu kuishika. Nilibaki na kioo kitupu, naona vidole vyangu upande wa pili.

Kesho yake alifika amevaa kitenge kipya. Nilitaka kudanganya, niseme kilivunjika. Nikashindwa, nikamwekea kioo mkononi.

Alikigeuza pande zote mbili. "Iko wapi?"

"Niliiosha, mama. Picha ikatoka."

"Ulimuosha mama yangu?" Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi. "Kwetu mama akifa, bamama ndio banamuoshaka. We mwanaume, nani alikuita?"

Alikifunga kioo ndani ya kitambaa chake cha kichwa, akaondoka nacho.

Sasa kila kioo nakipiga picha kwanza kama kilivyo, na doa lake, kabla sijafanya lolote. Maji hayaingii tena chumbani humo. Mama yule hajarudi, na mimi bado sijathubutu kwenda Lubondja.