Shikamoo Isiyomo Kitabuni

Nakumbuka siku nilipoteremka mjini kutoka Kinole kutafuta neno moja tu la Kijapani, mwanangu, na nilivyozunguka nalo. Nakusimulia kwa sababu juzi umenionyesha simu yako imejaa programu za kujifunzia Kijapani, ukaniuliza uchague ipi, na usome darasa la mtandaoni au la mjini. Umemuuliza bibi anayeuza viungo Mwembesongo! Basi vumilia, jibu langu huanzia mbali.

Nilipokuwa msichana, alikuja kijijini kwetu Mjapani wa kujitolea, Haruko, kufundisha hesabu shuleni. Alipanga chumba kwa mama yangu. Tulikula naye jikoni, tulichota maji naye, na malaria ilipomshika, mama yangu ndiye aliyemkorogea uji. Nilimpenda kama dada. Siku moja, tunachambua mchicha, akaniambia mama yake mzazi anakuja. Haji kutembea, anakuja kumrudisha nyumbani. Amesikia mwanawe anaugua mlimani, hana wa kumwangalia.

"Nifundishe Kijapani, nitamwambia mimi kwamba una watu," nikasema.

"Nikikufundisha mimi, atajua maneno ni yangu," akajibu, macho yakiwa kwenye mchicha. "Hataamini."

Nilikosa raha. Haruko aondoke hivihivi, kwa sababu tu hakuna wa kusema? Nikaanza kukusanya. Padri akaniazima kaseti. Rafiki yangu aliyesoma sekondari ya Kilakala akanipatia kitabu kinene cha sarufi, na sijui nani tena akaniletea kijitabu cha watalii. Leo nasikiliza kaseti, kesho naiacha nafungua kitabu, keshokutwa naona kitabu kigumu narudi kwa watalii. Wahenga wanasema mchagua jembe si mkulima. Mimi nilikuwa na majembe tele, na shamba sijalitia hata mkono.

Mjomba akanikuta nimevitandaza vyote mkekani. Kwetu Waluguru mjomba akisema, unaacha unachofanya. Akaviangalia vile vitabu kwa udadisi kweli, akakigeuza kimoja juu chini, kisha akauliza, "Huyo mama akishuka garini, utamwambia nini?"

Nilijua kuuliza stesheni iko wapi, na Kinole haina stesheni.

"Pilipili manga inapanda mti mmoja," mjomba akasema. "Jua kwanza unalotaka kusema. Halafu mtafute wa kukufundisha hilo."

Nikawaza usiku na mchana. La kwanza kabisa nilitaka kumwamkia. Kwani utamwendea mtu mzima na shida yako hujampa shikamoo? Nikapekua vile vitabu, shikamoo sikuiona. Ndipo nikateremka mjini.

Mwalimu wa kwanza alikuwa na darasa limejaa, wanafunzi wanaitikia kwa pamoja mpaka mabati yanalia. Nikamuuliza, "Shikamoo kwa Kijapani wanasemaje?" Hakuvuta hata pumzi. "Andika: konnichiwa." Nikaandika, lakini moyo ukakataa. Hiyo nilikwisha kuisikia kwenye kaseti, muuza duka anamwambia mteja.

Wa pili alikuwa mama mmoja aliyewahi kuishi Japani na mumewe. Alifundisha watu wachache barazani kwake. Nikamuuliza lile lile. Akacheka kidogo. "Mwanangu, neno la namna hiyo silijui. Hebu nionyeshe, wewe ukimwamkia bibi yako mwili wako unafanyaje?" Nikapiga goti kidogo. "Wao wanainama," akasema, na akasimama kunionyesha. Siku hiyo hiyo nikamwambia nina jambo moja la kumwambia mama wa mtu. Tukaanzia hapo. Kaseti nikamrudishia padri, kitabu nikabaki na kile alichokitumia yeye.

Siku ikafika. Gari likasimama, akashuka mama mfupi, nywele nyeupe, kijitabu mkononi. Nilikuwa mbele ya wote, nayarudia maneno yangu kimoyomoyo, najiandaa kuinama. Akaniwahi. Akanitazama usoni, akasema taratibu, "Shikamoo."

Watu wakaguna. Mtu wa umri wa mama yangu ananiamkia mimi! Ningeitikiaje marahaba? Kitabu chake kilikuwa kimempa neno, hakikumwambia ni la kumpa nani. Hapo hofu ikanitoka, mwanangu. Kumbe naye alikuwa anatafuta kule kwao nilichokuwa nakitafuta mimi huku.

Nikainama kama nilivyofundishwa. Nikasema polepole, "Haruko-san to itsumo issho ni gohan o tabemasu." Siku zote tunakula pamoja na Haruko. Yule mama akamtazama binti yake, akanirudia mimi, akauliza jambo. Sikuelewa hata kidogo. Nikamwomba arudie, maana hilo mwalimu alinifundisha mapema. Akarudia taratibu, nikashika: mnakula nini? Nikamshika mkono, nikampeleka jikoni kwa mama.

Alikaa nasi, akaona. Alipoondoka, aliondoka peke yake. Kabla ya kupanda gari alimfuata bibi yangu, akainama, akasema, "Shikamoo." Bibi akaitikia, "Marahaba, mwanangu," na wote wawili wakafuta machozi.

Sasa hiyo simu yako. Sikukatazi, itakusaidia kukariri herufi ukisubiri wateja hapa dukani, na herufi zao uzianze mapema, usitegemee hizi zetu. Kitabu kiwe kimoja, ukimalize. Darasa, omba uketi siku moja kabla hujalipa ada, uone kama wanafunzi wanaongea au wanaitikia tu. Kisha muulize mwalimu lile swali linalokukera wewe. Akikujibu haraka kupita kiasi, aga kwa adabu. Akisema hajui, ngoja tuangalie, vuta kiti. Lakini kabla ya yote, mwanangu, nijibu alilouliza mjomba: ukifika huko Japani, unataka kumwambia nani, na nini?

Mungu akufungulie ulimi na masikio. Huko uendako upate jiko la kukaribishwa, na mzee wa kukuitikia.