Kikombe cha Bati Kilichoingia Kwenye Wimbo

Admin, nifichie jina, maana mji wetu mdogo na wanafunzi wangu wa zamani wamejaa humu. Nina miaka sitini na nane, mwalimu mstaafu wa fasihi, naishi Chuno hapa Mtwara na mke wangu mwenye miaka hamsini. Nitamwita Somoe, ingawa silo jina lake. Tumeoana miaka ishirini na miwili, baada ya mke wangu wa kwanza kufariki. Hatukujaliwa mtoto. Sijawahi kumshuku kwa lolote mpaka ulipotoka wimbo mmoja, na nitawaeleza taratibu ili msije mkasema mzee amechanganyikiwa.

Somoe amezaliwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji. Kabla hatujaoana aliniambia kwamba akiwa na miaka kumi na tisa alizaa mtoto wa kiume, mtoto akafa mchanga, akazikwa hukohuko. Kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri huchukua unga wa muhogo kiasi cha kiganja, akauweka chini ya mkorosho ulio nyuma ya nyumba yetu. Wengi wenye asili ya huko huwawekea unga wafu wao, na mimi Mwislamu wa kusoma nilijifanya sioni. Ila Somoe ana jambo lake peke yake: unga ule huufunika kwa kikombe cha bati kilichovunjika mkono, kuku wasiudonoe. Uani kwetu haingii mtu. Kikombe hicho tunakijua wawili.

Sasa kuna kijana wa Ufukoni, wa miaka thelathini hivi, ametoa wimbo unaopigwa kwenye kila bodaboda. Siku moja nilikuwa Chikongola kwa kinyozi wangu, wimbo ukaanza, kinyozi akapunguza sauti ya redio.

"Mwalimu, tuchambulie huu. Sisi tunacheza tu, hatujui tunacheza nini."

Mimi nikiombwa kueleza huwa sijizuii. Nikawaambia waurudie ubeti wa pili, wanaoupenda wote:

*Unga wangu chini ya mkorosho,*
*umeufunika kwa kikombe cha bati,*
*kikombe hakina mkono,*
*njaa yangu ina macho.*

Nikaanza kama niko darasani. Jiulizeni kwanza nani anasema, na anamwambia nani. Chakula kinachofunikwa nje ya nyumba ni cha mtu asiyeruhusiwa kuingia ndani. Basi anayesema ni mwanamume anayelishwa kwa siri na mke wa mtu, na hiyo njaa si ya tumbo. Watu wakacheka. Dereva mmoja wa bodaboda akasema, "Kumbe! Na huyo mwenye nyumba je, Mwalimu, yuko wapi muda wote huo?" Nikamjibu, "Mwenye nyumba yuko kwa kinyozi." Wakacheka mpaka kinyozi akaweka mkasi chini. Na mimi nilicheka nao. Nilikuwa nimefika barabarani ndipo nikasikia nilichokisema. Kikombe cha bati. Hakina mkono.

Tangu siku hiyo nimekuwa mpelelezi ndani ya nyumba yangu. Nimegundua Somoe akiwa jikoni huuimba wimbo ule, lakini ubeti wa pili tu, na nikiingia hunyamaza. Nimegundua anakwenda Ufukoni kununua samaki, na hapa Chuno samaki wapo. Nilipomuuliza alisema, "Wa kule wabichi zaidi." Samaki wenyewe niliwakagua. Ni walewale.

Nimeuandika wimbo wote kwenye daftari na kuusoma kama nilivyokuwa nasahihisha mitihani. Neno mpenzi halimo hata mara moja. Hakuna busu, hakuna ahadi, hakuna wivu. Kila mtu anauita wimbo wa mapenzi kwa sababu ya mdundo. Na chini ya mti hawekewi chakula mwanamume aliye hai, huwekewa marehemu. Kwa hiyo huenda anayesema katika wimbo ni mtu aliyehesabiwa kuwa amekufa. Hapo daftari likanishinda. Miaka thelathini niliwafundisha watoto wa watu wasimchanganye anayesema katika shairi na msanii aliyelitunga, na leo nakaa naipima miaka ya kijana huyo na ile aliyonitajia Somoe. Inakaribiana. Lakini miaka inayokaribiana si ushahidi, na hawara naye anaweza kuambiwa habari za kikombe. Ikiwa ni hawara, nimempoteza mke. Ikiwa ni mwana, basi ama Somoe alinidanganya tangu mwanzo, ama yeye mwenyewe alidanganywa, na mimi nimesimama Chikongola nikamwita mama wa watu malaya, watu wakanichekea.

Juzi ameniomba ruhusa ya kwenda harusini Ufukoni Jumamosi hii. Nikamuuliza nani ataimba. Akamtaja kijana yule bila kupepesa macho. Kisha akasema, "Na wewe njoo, Mwalimu. Nasikia kwa kinyozi umewaeleza watu wimbo wake mpaka wakaelewa." Sikuweza kujua kama ananitania, ananionya au ananikaribisha. Mimi niliyeishi kwa kufasiri maneno ya watu.

Kuna jambo la mwisho ndugu zangu, nalo ndilo linaloninyima raha. Ijumaa tatu sasa Somoe hajaweka unga. Jana nilifungua kabati la vyombo, nikakikuta kile kikombe kimesuguliwa kwa majivu hadi kinang'aa, kimepangwa pamoja na vikombe vya wageni.

Nyinyi mliokaa na watu zaidi kuliko vitabu, nisaidieni mawazo. Nimuulize kabla ya Jumamosi, au nivae kanzu niende naye, nikae kimya, nisikilize?