Usimwambie Mama

Chunusi zilimwanza binti yangu mwaka wa pili wa mama yake kuwa Maskati. Alikuwa na miaka kumi na moja, yuko darasa la tano. Mke wangu alikwenda kule kufanya kazi za ndani, kwa sababu duka letu la Kariakoo, la zipu, vifungo na nyuzi, lilikuwa haliendi. Tulikubaliana wawili, bila ugomvi. Kilichobaki kikawa changu: kuchemsha chai alfajiri, kumtoa mtoto aende shule, kutoka Buguruni hadi dukani, kusimama kutwa, kurudi, kupika. Paji la uso la mtu sikuwa na nafasi ya kuliangalia.

Kwa hiyo aliyeziona kwanza ni mteja. Mama mmoja fundi cherehani alikuwa anachagua zipu, binti yangu amekaa pembeni na sare zake anafanya kazi za shule. Yule mama akamwangalia, akanigeukia.

"Huyu keshakuwa mkubwa, baba. Uso wenyewe unasema. Kaa naye."

Hakuwa na ubaya. Lakini binti yangu alivuta mtandio mpaka kwenye nyusi, na tangu siku ile hakukaa tena mbele ya duka. Alihamia nyuma ya shelfu, katikati ya maboksi, kwenye joto, akawa anasomea huko kwa mwanga wa taa.

Watu wa Kariakoo wanasema wanachokiona. Muuza kahawa alisema ni chipsi. Jirani yangu wa duka la vitambaa, mzee wa Kiarabu, alisema marehemu mama yake alikuwa akiwasagia mabinti liwa ya kupaka usoni, na akaniuliza kama kwetu hatuna bibi. Msichana anayeuza vitenge aliniletea kijichupa kisicho na jina, akaniambia mtoto apake siku chache tu. Nilimshukuru, nikakitia mfukoni, nikaja kukitupa njiani, maana mtaani kwetu kuna dada uso wake uliungua kwa vichupa kama hivyo. Kila mtu alikuwa na dawa. Mimi nilikuwa na usingizi.

Ijumaa ndiyo siku ambayo matajiri wa mke wangu huenda kwa ndugu zao, na yeye hubaki mwenyewe nyumbani kwao. Alasiri hupiga simu ya video. Zamani binti yangu alikuwa ananinyang'anya simu kabla sijaitika vizuri. Sasa akawa anaipokea, anaiegemeza kwenye shelfu, halafu anakaa pembeni ya kamera.

"Mbona naona maboksi ya nyuzi tu?" mama yake aliuliza.

"Nipo, mama. Nina kazi naandika."

"Sogea basi nikuone."

"Mtandao mbaya."

Mtandao ulikuwa mzuri. Mke wangu nilimwona vizuri kabisa, na kanga yake kichwani, akiyatazama maboksi. Ijumaa iliyofuata ikawa vilevile, na nyingine. Mwishowe akanipigia mimi peke yangu, siku ambayo si ya simu.

"Mtoto kanichoka," akasema.

"Hajakuchoka. Ana mambo ya shule."

"Mimi nimemzaa. Najua mtu akinikwepa."

Nilitaka kumwambia. Lakini binti yangu alikuwa ameshanitangulia, alishaniambia usimwambie mama, na mimi nikaitika bila kuuliza sababu, kwa vile nilikuwa nimechoka na kuitika ni rahisi.

Kisha ikatokea asubuhi moja hakutaka kutoka bafuni. Wapangaji wenzetu wanagonga mlango, foleni imefika uani. Alipofungua, mashavu yalikuwa mekundu, ngozi imebanduka, na pembeni ya pua kulikuwa na ukoko mweupe. Wenzake shuleni walimwambia achanganye dawa ya meno na limau, alale nayo. Alilala nayo kweli, na ilipoanza kumchoma akavumilia, akidhani ndivyo dawa inavyofanya kazi.

Sikufungua duka siku hiyo. Nilimpeleka zahanati, upande wa Mnazi Mmoja. Daktari alikuwa mama wa Kihindi, mtu mzima, sauti yake ya chini. Mimi nilianza kueleza, yeye akanyoosha kiganja kidogo kunituliza, akamgeukia mtoto.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu. Nani alikwambia uweke limau?"

"Marafiki zangu."

"Na wao wanazo chunusi?"

"Wanazo."

"Walipona kwa limau?"

Binti yangu akafikiri kwa dhati kabisa. "Hapana," akasema. Daktari akatabasamu kidogo, naye akatabasamu. Sikuwa nimeliona tabasamu hilo kwa muda mrefu.

Alimweleza kwamba mwili wake umeanza kukua, umewahi kidogo, na kwamba si uchafu wala hakuna alichokosea. Kwanza ngozi iliyoungua ipone. Halafu aoshe uso asubuhi na jioni kwa maji na sabuni isiyo kali, asisugue, asiminye. Mafuta ya nywele yasishuke kwenye paji. Mtandio ukilowa jasho ubadilishwe. Akampa tyubu ya dawa ya kupaka kidogo sana. "Itachelewa," alimwambia. "Utaona kama haifanyi kazi. Usiache."

Binti alipotoka kuvaa viatu, daktari akaniuliza, "Nyumbani anaongea na nani?"

"Na mimi."

"Na wewe unaongea?"

Niliaga, nikamfuata mtoto nje.

Tulipotoka nilimnunulia juisi ya miwa, tukakaa kwenye ukingo wa uwanja wa Mnazi Mmoja. Watu walikuwa wanapita kutoka mjini kuelekea Kariakoo, kila mmoja na mzigo wake, hakuna aliyemtazama usoni. Nikamuuliza kwa nini mama asijue.

Alichezea kikombe. "Atasema baba hajui kunitunza. Atalia. Na kule hakuna mtu wa kumbembeleza."

Nikamwambia ukweli, kwamba mama yake anadhani amechokwa.

"Amesema hivyo?"

"Amesema."

Alimaliza juisi yake, tukaenda.

Wiki zilizofuata nilizipitisha nikifua mitandio. Nilikuwa nikitoka dukani miguu imevimba, naweka sufuria jikoni, naweka beseni uani. Jirani mmoja wa kike aliniuliza kama sioni haya kufua vitu vya mtoto wa kike. Nilimjibu kwamba haya inataka mtu aliyepumzika. Ile dawa ilikuwa inachujua nguo. Foronya yake ya bluu ikajaa mabaka meupe, nami nikadhani tumeharibu kitu kingine. Usoni hakukuwa na badiliko. Alikuwa ananiuliza kila jioni, "Zimepungua?" nami namwinamia chini ya taa na kumwambia bado, lakini hazijaongezeka. Nilijifunza kutomdanganya. Nilipomdanganya mara moja alijua, akanuna hadi kesho yake.

Ijumaa moja alipokea simu, na mimi sikuwa nimemwambia lolote. Alivua mtandio, akaishika simu kwa mikono miwili, akaiweka mbele ya uso wake.

Kule Maskati mama yake akasogea karibu na kamera. Nilikuwa nampimia mteja utepe. Nikasimama na rula mkononi.

"Zilianza lini?" mama yake akauliza.

"Siku nyingi."

"Zinauma?"

"Sasa haziumi sana."

"Unaoshea nini? Nionyeshe hiyo dawa. Sogeza hapa kwenye shavu. Nani amekuunguza hapa?"

"Mimi mwenyewe, mama."

Hapo ndipo alipolia, akageuza kamera, tukabaki tunaangalia marumaru za jikoni kwa watu. Binti yangu akawa anamwambia, "Mama, usilie, daktari kasema zitaisha." Aliporudi alinitaka mimi. Alinisema sana, kwamba naona na ninanyamaza, kwamba yeye ameteseka bure. Sikujitetea. Nilikaa juu ya boksi la nyuzi nikamsikiliza mpaka mwisho.

Mkataba wa mke wangu ulipoisha uliongezwa. Sisi wote watatu tulikuwa tumetarajia vingine. Chunusi za mashavuni zilipungua taratibu, za kwenye paji bado zinakuja na kuondoka, na palipoungua pana alama nyeusi ambazo daktari anasema zitafifia.

Jumapili iliyopita tulikwenda Feri kununua samaki. Mama mmoja mkaangaji, jasho linamtiririka juu ya karai, alimkazia macho binti yangu.

"Wewe mtoto, umefanya nini usoni?"

Nilifungua mdomo nijibu. Yeye akawahi.

"Chunusi tu, mama. Natumia dawa. Naomba changu, yule mkubwa, kibua sitaki."

Yule mama akamgeuza samaki kwenye mafuta, akamfungia kwenye gazeti. Nilibeba mfuko. Binti yangu alitangulia kwenye watu wengi, nikawa namfuata polepole, miguu ikiniuma.