Betri ya Dada

Wateja walimwita Bwana Tahadhari, naye hakuudhika. Katika miaka kumi na tisa ya kuunda betri, hakuna hata moja ya kwake iliyovimba wala kushika moto. Kila seli, kile kijibetri kimoja kimoja cha ndani, aliipima mara tatu, akaiandika namba, kisha akailaza mezani siku mbili kabla ya kuiunga na wenzake. "Huyo hata mayai huyapima volti kabla ya kuyanunua," mafundi wenzake walisema. Alicheka nao, maana alikuwa na kile kiburi kidogo cha watu wasiozoea kukosea.

Basi dada yake alipoanza kuishi kwa mashine ya oksijeni, nani mwingine angeunda betri ya kuiendesha umeme ukikatika? Huyo dada ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alimwosha, akamchapa, akamsomesha. Sasa mapafu yalikuwa yamechoka, na bila mashine hakuweza kumaliza sentensi moja.

Fundi aliunga seli saba. Ikabaki kuchagua chipu ya kinga, kidude kidogo kuliko ukucha, kazi yake kukata umeme betri inapokaribia kudhurika. Alikuwa nazo za aina mbili. Ya kwanza ilitazama jumla tu: maadamu seli zote kwa pamoja zina nguvu, umeme unapita, hata kama moja imeelemewa. Ya pili ilichunga kila seli peke yake. Moja tu ikishuka hadi volti tatu, inakata zote.

Alimpelekea dada azione.

"Hii ni kali, inakata mapema," alimweleza. "Hii nyingine mpole, lakini inaweza kuniulia seli."

"Mdogo wangu, mimi najua nini? Weka unayoiamini."

"Basi kali. Kinga ni bora kuliko tiba."

"Haya, daktari," alisema dada, akacheka mpaka pumzi zikamwishia, na fundi akamsugua mgongo.

Aliijaribu betri ile, ikaendesha mashine saa nne kamili. Akawaambia watu wa nyumbani wasiwe na wasiwasi. Na ilifanya kazi vizuri, miezi minane, kila umeme ulipokatika kwa muda mfupi. Lakini seli huchoka kwa siri, na huyu mpima-mayai wetu hakurudi kuzipima hata siku moja. Aliiachia chipu kazi hiyo.

Jumanne moja, saa tano asubuhi, umeme ulikatika. Mpwa wake, binti wa pekee wa dada, alichomeka betri, akakaa karibu na mama yake. Baada ya dakika arobaini mashine ikazima. Binti alibonyeza, akachomoa, akachomeka tena, wapi! Akampigia mjomba wake. Fundi alikuja mbio, nyaya bado ziko mkononi, akawahi kumfumba dada yake macho.

Wiki mbili baada ya mazishi, binti alikuja karakana ameipakata ile betri. Fundi aliifungua, akapima. Seli sita zilikuwa na chaji tele. Ya nne ilikuwa imechoka, imeshuka hadi volti tatu, na chipu ilikuwa imekata kama ilivyotakiwa. Angeweka ile mpole, seli moja ingekufa, na dada angeendelea kupumua mpaka umeme urudi. Siku ile ulirudi saa saba mchana.

"Imeharibika, mjomba?"

Alitamani kusema ndiyo. Angetoa chochote ili iwe imeharibika.

"Hapana, mama. Ni nzima."

"Sasa mbona ilizima?"

Aliziangalia zile seli saba, safi, hata moja haijavimba.

"Niliweka kinga humo ndani."

"Kinga ya mama?"

"Ya betri," alisema.