Mguu Usiopitwa

Mpaka leo, mwanamke yule akisikia msasa ukikwaruza mbao, humkumbuka fundi wa miguu ya bandia. Lori lilimkata mguu wa kushoto akiwa na miaka saba, na kila mwaka, kwa kuwa alirefuka, alirudi kutengenezewa mwingine. Fundi alianza kwa kupima ule mguu mzima. "Tumsalimie huyu kwanza, asije akanuna." Alikuwa na penseli sikioni na plasta imemganda kuchani. Binti akijaribu kutembea, yeye hakumtazama. Aligeukia ukuta, akasikiliza. "Kisigino kinalia. Vua, mwanangu." Akapiga msasa mpaka hatua zote mbili zitoe sauti moja. Mguu wa zamani aliupanga rafuni, pamoja na wenzake wafupi.

Mwaka binti alipotimiza kumi na tisa, fundi alipima mara tatu. "Vipimo ni vilevile vya mwaka jana. Umeacha kurefuka. Huu utakaa nao, hutahitaji kurudi mwakani." Kabla ya adhuhuri ulikuwa tayari. Binti alitembea hadi mlangoni na kurudi, akazisikia mwenyewe hatua zake, hakuna iliyoipita nyingine kwa sauti. Fundi alibaki ameuelekea ukuta.

"Bado kidogo," akasema. "Vua, mwanangu."